Kabla Hujaipandisha Pikipiki Kwenye Daino: Niliyojifunza Kati ya Nairobi na Pwani

Nimeendesha Suzuki DR650 kwa miaka saba, mingi kati ya hiyo nikiwa Nairobi, na katika muda huo nimeipandisha kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini, mara nne. Mara ya kwanza ndiyo iliyonifunza mengi, kwa sababu ilinionyesha kwamba pikipiki niliyoamini nimeiongezea nguvu ilikuwa imepunguziwa, tena kwa fedha zangu. Naandika kwa ajili ya yeyote anayekusudia kununua ekzosi, chujio la hewa na jeti kubwa (kile kipande chenye tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta) kabla hajajua injini yake inatoa nini leo.

DR650 ni injini ya silinda moja, cc 644, inayopozwa kwa hewa na oili, yenye valvu nne, plagi mbili na kabureta moja. Ni injini tulivu na imara, lakini kiwanda kiliibana kwa makusudi ili ikidhi sheria za kelele na moshi: boksi la chujio lina mlango mdogo wa hewa, ekzosi ni nzito, na mafuta yamepunguzwa. Kwa hiyo mtu akifungua mlango wa hewa, akafunga ekzosi nyepesi na kuongeza jeti, anatarajia nguvu iongezeke, na matarajio hayo ni ya haki. Nilifanya hivyo. Nilifunga jeti kuu namba 155 badala ya 140 iliyokuwamo, kwa kuwa waendeshaji wengi wa Australia na Marekani walioandika habari zao walisifu jeti za ukubwa huo. Sikujiuliza kama wao wanapumua hewa ileile ninayoipumua mimi.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 tu ya lile la Mombasa. Kabureta haina habari na hilo. Hewa ikiwa nyepesi, petroli inayofyonzwa kupitia jeti haipungui kwa kiasi kilekile ilichopungua hewa, hivyo mafuta huzidi. Pikipiki iliyopimwa vizuri ufukweni, ikiwa na uwiano wa gramu 13 za hewa kwa gramu moja ya petroli, ambao ni karibu na mahali injini nyingi za petroli hutoa nguvu zake zote, ikifika Nairobi hushuka hadi karibu 12. Yangu, kwa ile jeti ya 155, kihisio cha oksijeni kilichowekwa kwenye ekzosi kilisoma 11.2 nilipofungua mafuta yote. Kwenye gurudumu la nyuma zilipatikana nguvu za farasi 28.1. Ekzosi ilikuwa inanguruma vizuri sana, na masikio yangu yalikuwa yamenidanganya kwa miezi mitano. Vijana wengi wa bodaboda wanaotoboa sailensa huamini vivyo hivyo, kwamba mlio ndio nguvu, na sioni sababu ya kuwacheka kwa kuwa mimi mwenyewe niliamini.

Fundi wa daino aliniuliza swali moja: "Ndugu yangu, kabla ya kubadilisha hivi vitu ilikuwa inatoa ngapi?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nilirudisha kila kitu cha kiwandani, nikarudi kupima, na ikatoa farasi 29.6. Hicho ndicho kipimo nilichopaswa kuanza nacho. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote, ni huu: ipime pikipiki ikiwa kama ilivyo, uiweke karatasi hiyo mahali salama, ndipo ununue kitu.

Hata hivyo, usiipeleke ikiwa mgonjwa. Kwenye daino mafuta hufunguliwa yote hadi mwisho wa mizunguko, mara nyingi mfululizo, na injini yenye kasoro itaharibikia palepale mbele yako. Kwenye DR650 mimi hupima kwanza nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.08 hadi 0.13 kwa valvu za kuingiza, na 0.17 hadi 0.22 kwa zile za kutoa moshi. Oili mpya, chujio safi, cheni iliyokazwa ipasavyo, upepo wa tairi la nyuma sawasawa. Wenye pikipiki hii wakague pia zile skrubu mbili ndogo zinazoshika swichi ya neutro nyuma ya klachi, kwa sababu zinajulikana kulegea na kudondokea ndani ya injini. Nilipozifungua zangu, moja ilizunguka kwa vidole. Nilizirudisha kwa gundi ya kukazia nati.

Kuhusu namba zenyewe, kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo ni usahihishaji wa hali ya hewa. Daino nyingi za pikipiki zina ngoma nzito ya chuma ambayo gurudumu huizungusha, na kompyuta, ikiwa inajua uzito wa ngoma na jinsi kasi yake inavyoongezeka, hukokotoa nguvu. Halafu programu huizidisha namba hiyo ili ifanane na ile ambayo ingepatikana katika hewa ya kawaida ya kipimo. Kwa kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, siku niliyopima mimi, kizidisho kilikuwa karibu 1.23, hivyo zile 29.6 zilichapishwa kuwa 36.4. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza inakwambia unachokipata ukiwa unapanda mteremko wa Limuru leo. Ya pili inakuwezesha kulinganisha injini yako na ya mtu aliye Durban, ufukweni mwa Afrika Kusini. Dai zote mbili, na usilinganishe kamwe ghafi ya mashine moja na iliyosahihishwa ya mashine nyingine, kwa maana ndivyo baadhi ya wauzaji wa vipuri wanavyopata ongezeko la asilimia ishirini ambalo halipo.

Injini inayopozwa kwa hewa inahitaji uangalizi zaidi kwenye daino, kwa kuwa imesimama na hakuna upepo wa barabarani. Feni ndogo ya mezani haitoshi. Mara ya pili tulisubiri dakika kumi kati ya kipimo kimoja na kingine, tukianza kila kimoja katika gia ya nne na joto la oili likiwa lilelile. Tulipokiuka utaratibu huo mara moja tu, namba ilishuka kwa karibu farasi mzima bila sisi kugusa chochote. Pia tulibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ni kazi ya kuchosha, na unalipia saa, lakini ukibadilisha jeti na urefu wa sindano ya kabureta kwa pamoja hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Tulipofunga tena ekzosi na kufungua boksi la chujio, tulishuka kutoka 155 hadi 150, kisha 147.5, kisha 145. Kwenye 145 uwiano ulitulia karibu 13, na nguvu ikafika farasi 32.4 ghafi. Ongezeko la farasi 2.8 linaweza kuonekana dogo, lakini usiangalie kilele peke yake. Kilichonifurahisha ni mstari wa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika, mahali ninapoendesha karibu siku nzima, ambako lile bonde lililokuwapo, mahali mstari ulipodidimia, lilijaa. Baadaye nilibadilisha sproketi ya mbele kutoka meno 15 hadi 14, kwa bei ndogo kabisa, na nakiri kwamba mlimani tofauti hiyo niliihisi kuliko ekzosi.

Kosa langu kubwa la pili lilikuja baada ya mafanikio hayo. Niliteremka Mombasa nikiwa na jeti ileile ya 145. Huko chini hewa ni nzito, petroli haiongezeki kwa kiasi kile, na ule uwiano wa 13 hukaribia 14, jambo ambalo kwa injini iliyobeba mzigo kwenye joto la Pwani ni hatari. Nikirudi, nikipanda Mazeras na mizigo miwili nyuma, nilisikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Injini ilikuwa inagonga, yaani petroli ilikuwa ikilipuka ovyo ndani ya silinda. Nilipunguza mafuta, nikasimama, nikafungua plagi, na kauri yake ilikuwa nyeupe kabisa, dalili ya petroli kuwa kidogo mno. Ningeendelea vile hadi Voi, pengine pistoni ingetoboka.

Kwa sababu hiyo sijafunga pistoni ya mgandamizo mkubwa, ingawa zipo, pamoja na seti za kuipanua injini hii kupita cc 750. Hewa nyepesi ya Nairobi huficha kugonga: silinda haijazwi kikamilifu, shinikizo linabaki chini, na pistoni ya namna hiyo itaonekana salama kwenye daino ya huku juu hadi siku utakayoishusha Pwani. Anayeihitaji kwelikweli aache nafasi ya usalama kwenye majira ya cheche, yaani wakati plagi inapowasha, na apime tena akiwa chini. Wenye pikipiki za sindano za kielektroniki, zisizo na kabureta, wana nafuu, maana kompyuta yao husoma shinikizo la hewa na kupunguza petroli yenyewe. Lakini wakifungua ekzosi na chujio, nao wanahitaji ramani mpya ya mafuta, iliyopangwa kwenye daino yenye breki inayoweza kuishikilia injini kwenye mzunguko mmoja.

Siku hizi chini ya kiti changu kuna kijikopo chenye jeti mbili, 145 na 152.5, pamoja na bisibisi fupi. Nikielekea Pwani nasimama Voi, naagiza chai wakati injini inapoa, kisha nalegeza vibano vya kabureta, naigeuza upande na kubadilisha jeti. Inanichukua kama dakika arobaini. Nikirudi nabadilisha palepale, na plagi zangu sasa zina rangi ya kahawia isiyokolea, dalili ya mchanganyiko mzuri, katika pande zote mbili za safari.