Dola ikiadimika, muagizaji mdogo ufanye nini? Haya ndo niliyopitia mimi Kariakoo

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Mwanza, anauza vyombo vya jikoni kama mimi, ameandika "Dada shikamoo, naona dola imeshuka, niagize mzigo sasa hivi au nisubiri ishuke zaidi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa maana wenye swali hilo mko wengi na najua wote tunataka kitu kimoja, tutoke kwenye kuchangia kontena na watu tufike kwenye kontena lako mwenyewe, jina lako ndo liko kwenye karatasi.

Mimi naagiza chupa za chai, hotpoti, seti za vikombe na sufuria, vingi vinatoka Yiwu na Guangzhou kule China. Fremu yangu iko Kariakoo, sio mbali na Mtaa wa Kongo. Habari za nilivyoanza naziruka kwa sababu zinafanana na za kila mtu, mtaji wa kuungaunga na kona ya kujibanza kwenye fremu ya mwenzio. Naenda moja kwa moja kwenye 2023 na 2024, maana hiyo miaka ilituchuja.

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwisho wa mwaka ule ikavuka 2,500, na kufika Septemba 2024 ilikuwa inacheza kwenye 2,700. Lakini bei ilikuwa nusu ya shida, nusu nyingine ni kwamba dola yenyewe huipati. Unaenda benki shilingi zako zipo kwenye akaunti, profoma unayo, yani ile ankara ya awali ya kiwanda, unajaza fomu ya TT ya kutuma hela nje, unaambiwa dada acha maombi tutakupigia. Na kiwanda kule China masharti yao ni yaleyale siku zote, asilimia 30 ukiweka oda, 70 kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo wangu umeshatengenezwa umekaa stoo kwao, mtu wa mauzo ananitumia voisi asubuhi ananiuliza salio liko wapi, na mimi hela ninayo! Una hela na bado unaonekana tapeli, jamani ile hali ni mbaya sana.

Nitalisema maana bado linaniuma. Benki ambayo nimeweka nao hela tangu biashara ikiwa changa walinipa dola kwa kudonolewa, naomba elfu kumi na tano napewa elfu mbili, na siku hiyohiyo nasikia mwenye kampuni kubwa kapata zake zote. Nilimuuliza yule ofisa akaniambia kuna vipaumbele, mafuta, mbolea, dawa. Nilitoka pale machozi yananilenga. Nilivyotulia nikasema sawa, nchi ikiwa na dola chache lazima zianzie kwenye dizeli na mbolea, chupa za chai zikae nyuma, hilo silikatai. Kilichoniuma ni kutoambiwa mapema nikapanga mambo yangu, nimeachwa nasubiri simu kama vile sina kiwanda kinachonidai upande wa pili wa dunia.

Wengine walikimbilia dola za mkononi kwa bei za kutisha. Mimi nilikataa. Dola ya namna hiyo haina karatasi, siku mzigo umefika forodha unaulizwa umelipaje unaanza kung'aa macho. Kuna wenzangu waliniona mshamba, sawa, lakini fremu yangu sijaifunga na mzigo wangu haujapigwa mnada bandarini, na hilo nalisema kwa kujivunia kabisa.

Hapo ndo nilianza kusoma ripoti ya uchumi ambayo BoT, yani Benki Kuu yetu, wanaitoa kila mwezi, iko bure kwenye tovuti yao, na hakuna kitu kilichonisaidia kama kile. Ukiisoma unakutana na kitu kinaitwa urari wa malipo. Usikiogope. Ni hesabu ya nchi nzima na watu wa nje, kinachoingia na kinachotoka. Kinachoingia kwetu ni dhahabu kwanza, na watalii, halafu korosho, tumbaku, kahawa, karafuu ya Zanzibar, mizigo ya Congo na Zambia inayopita bandari ya Dar, hela za ndugu zetu walioko nje, mikopo na wawekezaji. Kinachotoka ni mafuta ya magari na mitambo, hayo ndo makubwa, mashine, mbolea, ngano, mafuta ya kula, riba za madeni, faida ambazo kampuni za nje zinapeleka kwao, na sisi wa Kariakoo na makontena yetu.

Sasa Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, mafuta na mbolea vikapanda, kwa hiyo nchi ikawa inatoa dola nyingi zaidi kwa lita zilezile. Mwezi uliofuata tu benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, toka karibu na sifuri mpaka kufika asilimia 5.25 hadi 5.5 Julai 2023, wenye dola zao duniani wakaona bora zikae Marekani zizae. Yani tulibanwa juu na chini kwa wakati mmoja. Hakuna mtu aliyekuchukia wewe, hakuna mtu aliyekurogea biashara, na hata yule ofisa wa benki alikuwa anagawa kitu ambacho hana. Nimechukua muda kukubali hilo.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba dola kwetu ina msimu. Kuanzia Julai watalii wanajaa Serengeti na Zanzibar, mgeni njoo mwenyeji apone, halafu kwenye Oktoba minada ya korosho inaanza Mtwara na Lindi. Ukishaingia mwaka mpya korosho zinaisha, masika yanakuja, wageni wanapungua, na dola inaanza kukaza mpaka Mei huko. Mwaka 2024 tulipata watalii zaidi ya milioni 2.1, na toka Oktoba mwaka ule wenye dhahabu wakatakiwa watenge angalau asilimia 20 kwa ajili ya BoT, ambayo inainunua kwa shilingi, kwa hiyo akiba ya nchi inakua bila kugombania dola na sisi. Marekani nao walishaanza kushusha riba Septemba. Vyote vikakutana, Disemba 2024 dola ikashuka chini ya 2,400 watu hawaamini. Aprili 2025 ikarudi karibu na 2,700, halafu kwenye Septemba mwaka huohuo ikawa chini ya 2,500 tena. Unaona mwendo wake?

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mwanza, jibu langu ni usisubiri ishuke zaidi na wala usinunue zote kwa mpigo, nunua kidogokidogo kuanzia Julai mpaka Disemba, weka kwenye akaunti yako ya dola, hizo ndo zikulipie mizigo ya nusu ya kwanza ya mwaka unaofuata. Sio sheria ya Mungu, maana 2023 msimu ulikuja na dola ikaendelea kupanda tu, lakini ukigawa manunuzi huwezi kukutwa na bei mbaya kwa mzigo wote. Na usinunue dola kwa tamaa ya kuja kuziuza. Waangalie majirani zetu Kenya, Januari 2024 dola kwao ilifika kama shilingi 160 za Kenya, kila mtu ana wasiwasi na deni la Eurobond, mkopo wa serikali kwa wawekezaji wa nje, la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Februari serikali yao ikakopa upya kupunguza lile deni, na ndani ya muda mfupi tu dola ikarudi kwenye 130. Aliyejaza dola ndani kwa 160 akisubiri 200, hesabu zake anazijua mwenyewe. Wewe ni muuza vyombo, dola kwako ni ya kulipia vyombo.

Halafu kuna hii hesabu ya ushuru, naomba uisome taratibu. Chukua mzigo wa dola 10,000 mpaka kufika Dar, bidhaa iliyo kwenye ushuru wa asilimia 25. Dola ikiwa 2,300 mzigo ni milioni 23, ikiwa 2,700 ni milioni 27, hapo umeshaongeza milioni 4. Wengi wanaishia hapo. Lakini forodha wanakadiria kwa shilingi kwa bei ya dola ya wakati huo, kwa hiyo ushuru wa asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 inayokaa juu ya mzigo pamoja na ushuru, navyo vinapanda. Ukivijumlisha viwili hivyo, ukiacha tozo nyingine, vilikuwa kama milioni 10.9 vinakuwa milioni 12.8. Jumla umetoa karibu milioni 6 zaidi na hujaongeza hata kikombe kimoja kwenye kontena. Mimi nilikuwa nahesabu hivi kabla mzigo haujaondoka China, ndo maana sikukwama kwenye kutoa mzigo wakati wenzangu storeji ya bandarini inawala.

Na hapa ndo nilipotukanwa. Nilipandisha bei ya chupa za chai nikiwa bado nina mzigo wa zamani stoo. Wateja wangu wa jumla wa mikoani, watu niliowakopesha wakati wa shida zao, wakaandika kwenye grupu kwamba nimekuwa mwizi, nauza mzigo wa dola rahisi kwa bei ya dola ghali. Mmoja ni shemeji yangu kabisa. Niliumia lakini sikurudisha bei. Jamani, bidhaa ya kuagiza unaiuza kwa bei ya kuirudisha stoo, sio bei uliyoinunulia. Ukiuza kwa bei ya jana utashangiliwa, halafu ukirudi benki shilingi zako zinanunua sehemu tu ya mzigo uliouza, mtaji unaliwa huku unajiona una wateja. Waliokuwa wanasifiwa kwa bei nzuri kipindi kile baadhi yao fremu zimeshachukuliwa na watu wengine. Narudia tena, bei ya kurudisha stoo. Na dola ikishuka nawe shusha, mimi Disemba ile nilishusha na shemeji akarudi kununua, hakusema samahani, akanunua tu.

Usikope kwa dola kama unauza kwa shilingi. Riba itaonekana ndogo, lakini ule mkopo unapanda kila dola inapopanda na wewe mteja wako wa Tandale hajui habari za riba za Marekani. Na wanaosema tulipe kwa yuan tuikwepe dola, mimi nimelipa kwa yuan na inasaidia kwenye makato na bei ya kiwanda, lakini usijidanganye, benki yako yuan inazipata kwa kutumia dola, dola zikikauka na yuan zinakuwa za kusubiri.

Afadhali jambo moja lilinyooshwa. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kuna Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni, kutaja bei au kudai malipo kwa dola humu ndani ni marufuku. Kuna wenye majengo walikuwa wanatudai kodi ya fremu kwa dola, na kilemba, ile hela ya kupewa fremu, kwa dola, mtu jengo lake liko Kariakoo, mlinzi wake analipwa shilingi! Kila mpangaji akawa anakimbia kununua dola za kumpa mtu ambaye haagizi chochote nje. Lakini sheria hiyo inakuhusu na wewe, mteja wa Lubumbashi au Lusaka akiingia dukani usimtajie dola, akabadilishe bureau aje na shilingi. Unachotakiwa kufanya ni kumgeuza awe mteja wa kumsafirishia, oda kwa maandishi, mzigo unavuka Tunduma na nyaraka za kuuza nje, malipo yanaingia kwenye akaunti. Mimi nina wateja wa namna hiyo wachache, na dola zao zimewahi kuniokoa kuliko benki yoyote.

Wazee wetu walipitia makubwa kuliko sisi. Marehemu baba alikuwa anatusimulia baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, nchi haina fedha za kigeni, watu wanafulia majani ya mpapai, sukari ni foleni. Bei ya serikali ya dola ilikuwa haijafika hata shilingi 20 mpaka katikati ya miaka ya 80, lakini ilikuwa bei ya kwenye karatasi, dola zenyewe hazipo. 1984 ndo wakaruhusiwa wenye fedha zao nje walete bidhaa, 1986 Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, akakubaliana na IMF, shilingi ikashushwa vibaya mno, na bureau tumekuja kuruhusiwa na sheria ya 1992. Nayasema haya kwa vijana mnaodai serikali ingetangaza tu dola ni 2,000 mambo yaishe. Ilishajaribiwa. Dola haiji kwa kutangazwa, inakuja kwa kuuza kitu.

Na sisi tunaoagiza lazima tujiulize tunaagiza nini. Nchi yenye alizeti Singida na Dodoma bado inatoa dola nyingi kununua mafuta ya kupikia, mimi hilo linanikera kuliko bei ya dola yenyewe. Kwa upande wangu sufuria za kawaida nimeacha kuzitoa China, nachukua za hapahapa, pamoja na makarai na majiko ya mafundi wa Gerezani. Najua bati na alumini nyingine inatoka nje, lakini dola inayotoka ni ndogo kuliko ya sufuria nzima na hela ya fundi inabaki mjini. Faida yake kwa kipande sio kubwa, ila silipi asilimia 30 mapema, sisubiri meli, na oda ninayoiweka Jumatatu naiuza wiki hiyohiyo.

Ukitaka kuanza nao nenda mwenyewe, usitume kijana. Beba sampuli mkononi, taja unene wa bati kwa geji na uandikwe kwenye risiti ya oda, maana ukimwachia fundi achague atachukua nyembamba, na pima mfuniko kwenye kila sufuria kabla hujalipa salio.