Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi, Jifunze Gari

Makala hii nawaandikia watu wa rika langu, waliokwishavuka miaka 35, wenye kazi ambayo si mbaya lakini imewakinaisha. Mshahara unaingia, bosi hana ubaya wa ajabu, watoto wanasoma, na bado kila asubuhi unavaa viatu kama mtu anayeitwa polisi. Watu wa aina yetu hupewa ushauri wa namna mbili. Wazee husema shukuru Mungu, wenzako wanaitafuta hiyo kazi. Vijana wa mitandaoni husema acha, jiajiri, fuata ndoto zako. Mimi nina wa tatu: usiache kwanza. Nenda kajifunze gari, hata kama huna gari wala fedha ya kulinunua.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tanga, upande wa nyaraka. Zamani meli kubwa hazikuweza kufika gatini kwetu. Zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari ndipo ikaletwa nchi kavu. Kisha bandari ikachimbwa mpaka kina cha mita 13, zikajengwa gati mbili zenye urefu wa mita 450, na meli sasa zinafunga hapohapo. Kwa mji hilo ni jambo kubwa. Kwangu mimi maana yake ilikuwa mafaili mengi zaidi mezani. Sehemu ya mafaili hayo ni ya magari: unaingiza namba ya chesisi, ukubwa wa injini, mwaka wa kutengenezwa, unakokotoa kodi, unafuatilia malipo, gari linatoka getini. Mwisho wa siku mimi narudi nyumbani kwa bajaji.

Kilichozidisha mambo ni bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani, mlangoni kwetu kabisa. Ule mradi ulitutibua wengi. Mtu uliyezoea kumwona kijiweni unamkuta ana kofia ngumu na buti za usalama. Mmoja anaendesha gari la mafundi, mwingine anapika kambini, mwingine anatafsiri. Mikataba mingi ilikuwa ya muda, kila mtu alijua, lakini ukiwa umekaa ofisini mkataba wa mwenzako huuoni, unaona buti tu. Nikaanza kupanga yangu. Ninunue bajaji niwe naiendesha mwenyewe. Nichukue Noah nipeleke abiria Muheza. Nisombe machungwa niyapeleke Dar. Kila mpango ulikuwa na chombo cha moto ndani yake, na mimi nilikuwa sijui hata hendibreki inashushwaje.

Ndiyo nikaenda shule ya udereva. Hapa naomba nikae kidogo, maana maswali mengi ninayoulizwa ni ya hapa.

Kwanza, shule. Usiulize ada peke yake, uliza utashika usukani kwa dakika ngapi. Kuna shule wanajazana wanafunzi wanne kwenye gari moja, kila mmoja anaendesha kipande kifupi, wengine wamekaa nyuma wanachati, na siku inahesabiwa kuwa mmesoma. Kaangalie gari lenyewe. Gari la kufundishia linapaswa kuwa na breki ya pili upande wa mwalimu, na herufi L mbele na nyuma. Na mahali popote utakapoambiwa "wewe lipia tu, cheti utakipata," ondoka. Niliambiwa hivyo sehemu moja, kwa tabasamu kabisa, kama naongezewa nyanya sokoni. Anayekutahini mwishoni ni askari wa usalama barabarani, na leseni inatoka TRA, yaani mamlaka ya mapato. Ila hao wote hawatakuwepo siku mtoto atakaporuka barabarani kufuata mpira. Utakuwepo wewe na mguu wako.

Pili, jifunze gari la gia. Najua magari mengi mjini siku hizi ni oto, yale yanayojibadilishia gia yenyewe, na ukishajua oto utaendesha maisha yako yote bila shida. Lakini gia inakuwekea mikono, miguu, macho na masikio kazini kwa wakati mmoja, na kwa mtu aliyechoka kichwa hiyo ni dawa. Ukishajua gia, oto utaielewa siku hiyohiyo.

Klachi, ile pedali ya kushoto, ndiyo inayoliza watu. Mwalimu wangu, kijana mdogo sana kwangu, alizima redio akapandisha vioo. "Mama, usitumie nguvu. Sikiliza." Unakanyaga klachi mpaka chini, unaweka gia namba moja, halafu unainua mguu polepole, polepole kweli. Mahali fulani sauti ya injini inashuka kidogo, kiti kinaanza kutetemeka na pua ya gari inajiinua. Hapo simamisha mguu. Usiachie, usirudishe. Ongeza mafuta kidogo, na gari litaondoka lenyewe kama linasukumwa na watu wastaarabu. Ukiachia ghafla linaruka na kuzima. Langu lilizima mbele ya wauza samaki, mbele ya shule, na mbele ya baraza la kahawa. La barazani ndilo baya zaidi, kwa sababu mji huu hauna siri: kabla sijafika nyumbani baba watoto alikuwa ameshaambiwa, tena na nyongeza.

Akina dada, jambo moja ambalo hakuna shule itakuambia: dera na pedali haviendani. Dera langu liliingia chini ya kisigino nikiwa natafuta breki, na kama si ile breki ya mwalimu tungemaliza kwenye genge la mtu. Vaa suruali ndani, au funga kanga kiunoni ulibane dera juu ya kifundo. Viatu viwe vya soli nyembamba visivyoteleza. Kandambili acha nyumbani, maana zikichomoka zinakwenda kukaa chini ya breki.

Tanga ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu hauna foleni za Dar na ni tambarare. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kama mistari ya daftari, barabara zina namba, na kila baada ya nyumba chache unakutana na makutano mengine. Kila kona lazima uamue: nani anapita kwanza, kuna nani nyuma ya lile gari lililopaki, yule mzee wa baiskeli anakata au anakwenda moja kwa moja? Mzee haonyeshi ishara. Amepakia mkaa nyuma, au mkate, au mjukuu, na ana imani kamili kwamba wewe ndiye utakayesimama. Simama. Huu ni mji wa baiskeli tangu zamani, sisi wenye injini tumewakuta.

Ubaya wa utambarare ni kwamba unaweza kumaliza masomo hujawahi kuondoa gari kwenye mlima. Dai somo hilo, hata kama ni kwenye kimwinuko cha kawaida: hendibreki juu, klachi mpaka itetemeke, mafuta, ndipo unashusha hendibreki. Usingoje kujifunza siku ya msiba Lushoto, kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo, na lori la mbogamboga liko nyuma yako.

Kuna kitu mwalimu alikuwa akinirudia mpaka naota: "Mama, angalia mbali." Nilikuwa naangalia boneti, na ukiangalia boneti gari linayumba. Ukipeleka macho mbele, mikono inajinyoosha yenyewe. Najua unasubiri niseme kwamba na maisha ndiyo hivyo. Sisemi. Gari ni gari.

Nitakachosema ni hiki. Ofisini mimi ndiye ninayeulizwa. Faili likikwama, wanakuja kwangu. Kwa miaka mingi sikuwa nimekaa mahali ambapo sijui kitu kabisa na mtoto wa juzi ananiambia "hapana, rudia." Siku za mwanzo nilikasirika mpaka nikataka kuomba nibadilishiwe mwalimu. Baadaye nikagundua kwamba ile saa ya asubuhi ya kujifunza gari ndiyo saa pekee ya siku ambayo sikuwa na nafasi ya kufikiria ofisi. Huwezi kuwaza manifesti, zile orodha za mizigo ya meli, unapoingia kwenye kipilefti na bajaji tatu zinakuja kutoka kulia.

Faida kubwa kuliko zote haikuwa barabarani, ilikuwa kwenye benchi la kusubiri zamu. Pale tulikaa na watu wa kila aina. Vijana wa bodaboda waliokwishaendesha miaka bila leseni na sasa wamechoka kukimbizana na trafiki. Dereva mtu mzima aliyekuja kuuliza habari za kupandisha daraja, kwa sababu daraja D ni la gari dogo la kwako binafsi, ukitaka kubeba abiria kwa malipo unahitaji C. Mimi na mipango yangu ya Noah hilo nilikuwa silijui. Nikaanza kuwauliza maswali ya hesabu, maana kukokotoa ndiyo kazi yangu, nao hawakuona haya kunijibu.

Dereva mmoja wa bajaji akanieleza mahesabu yake. Mwenye chombo anataka hesabu yake, yaani kiasi mlichopatana, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, iwe Idi au msiba. Mafuta juu yako. Ukikamatwa na kosa moja la barabarani, faini ni shilingi 10,000, nayo inatoka kwenye kazi ya siku hiyo. Anayeendesha kwa mkataba analipa mpaka chombo kiwe chake, lakini siku kinapokuwa chake kimeshachoka, anaanza kununua vipuri. Mwingine aliyewahi kusomba machungwa ya Muheza alinieleza habari za kupakia usiku, za ushuru, za kufika sokoni Dar ukakuta fuso nyingi zimekutangulia, bei imeanguka na mzigo unaanza kulainika. Kisha akaniuliza yeye.

"Dada, ukiumwa ofisini unalipwa?"

"Nalipwa."

"Basi usinichekeshe."

Sitaki uelewe kwamba kazi ya udereva ni mbaya. Kijana mmoja kati ya wale wa boda alipata leseni yake, akapata gari la kampuni, ana mshahara na bima ya afya, na nikimwona barabarani ananipigia honi kama mkubwa mwenzake. Kwake lilikuwa jambo la kupanda. Kwangu hesabu zilikuwa zinaonyesha kushuka, na nilizifanya mwenyewe kwenye daftari kwa takwimu za watu wanaoishi maisha hayo, si za watu wa semina za ujasiriamali. Ukitamani kazi ya mtu, kakae naye benchi moja akutajie matumizi yake. Mapato atayataja bila kuulizwa.

Nilipoacha kuota bajaji, nikajiuliza hasa nilikuwa nakimbia nini. Nikaona kwamba mzigo wa kazi haukunichosha, wala mji, wala mshahara. Nimechoshwa na kiti. Nikamwendea bosi nikamwomba siku kadhaa za wiki niwe upande wa nje: bandarini wakati wa ukaguzi, TRA, maghala. Mara ya kwanza alikataa, akasema kazi hiyo ni ya vijana wa kiume, jua kali. Nikarudi tena na leseni mkononi, nikamwambia gari la ofisi sasa naweza kuliendesha mwenyewe, dereva abaki na shughuli nyingine. Hapo akasikia, kwa sababu nilimwokolea kitu. Mshahara haujapanda, nisikudanganye. Na bado zipo siku natamani kuondoka, ila sasa nikitamani naweza kutaja naondoka kwenda wapi na itanigharimu kiasi gani.

Kwa wale watakaonifuata: wiki za mwanzo baada ya leseni ndizo za hatari, maana unajiona umeshajua. Mjini mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na wewe nenda chini ya hapo bila aibu. Acha wapige honi. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu simama hata kama hakuna trafiki. Usiku subiri kwanza, taa za wanaokuja zinaumiza macho na baiskeli nyingi hazina taa kabisa. Watakaosema "mwanamke huyo" waache waseme.

Na usinunue gari haraka kwa sababu tu una leseni. Mimi sina, na sioni haya. Jumapili tukitaka kupeleka watoto Raskazone naazima la shemeji. Ukiazima gari la mtu, muulize kwanza bima yake ni ipi. Wengi wana ile ndogo ya lazima, ambayo italipa madhara ya uliyemgonga, lakini gari uliloazima mtatengeneza wenyewe. Mkubaliane hilo kabla hujashika funguo. Zungukeni gari pamoja mtazame mikwaruzo iliyokuwepo, ulipige picha kwa simu kila upande. Weka mafuta zaidi ya uliyoyakuta. Na kama umekwaruza mahali, mwambie mwenyewe kabla hajaona, tena mwambie kabla hujashuka kwenye gari.