Gitaa hupigwa au huchezwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kidato cha pili ameanza kujifunza gitaa kanisani. Juzi akaniaga, "Baba, naenda kucheza gitaa." Nikamwambia gitaa halichezwi, hupigwa. Akatoa simu, akafungua wimbo na kunionyesha kile kipembetatu cha kuuanzishia: pameandikwa "Cheza". Nikakosa la kusema. Akanimaliza kabisa aliposema kwamba kama kupiga ni kugonga, mbona zumari nayo tunasema inapigwa na wala hakuna anayeigonga? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwenye gitaa wewe ndiye uliye sahihi. Kwenye simu kijana ana nusu ya hoja, na nitaifikia.

Tuanze ngomani. Mpiga ngoma na mcheza ngoma ni watu wawili. Mmoja kaibana ngoma mapajani, viganja vinamuwaka moto. Mwingine yuko katikati ya uwanja, kiuno kinazunguka. Waliosema "mcheza kwao hutuzwa" walikuwa wanamtazama huyu wa pili, shangazi zake wakimbandika noti kwenye paji la uso. Tena uko ule msemo wa zamani kwamba zumari ikipigwa Unguja, watu hucheza mpaka maziwa makuu. Vitenzi vyote viwili vimo, kila kimoja na mwenyewe. Anayepiga anautoa muziki kwenye chombo, anayecheza anauitikia kwa mwili.

Kwa hiyo nikisikia "anacheza gitaa", picha inayonijia ni ya mtu anakatika huku gitaa limeegemezwa ukutani. Au namwona mtoto anayevuta vuta nyuzi za chombo cha watu hadi anafokewa, "Acha kucheza na gitaa!" Kiingereza kina kitenzi kimoja tu kwa mpira, karata, gitaa na santuri. Aliyetafsiri maandishi ya vitufe akaokota "cheza" ya kwenye mpira akaibandika kwenye muziki.

Sasa zumari. Kijana wako amedhani "piga" ni kugonga, na hapo ndipo alipoteleza. Kugonga ni tawi moja tu la neno hili. Mtu hupiga chafya, miayo, mluzi na kelele, na katika hayo yote hakuna kilichogongwa, ni pumzi na kinywa tu. Hupiga magoti, hupiga mbizi, hupiga pasi, hupiga kura. Kinachoyaunganisha, kwa maoni yangu, ni tendo linalofanywa kwa kiungo cha mwili au kwa chombo, na kutoa matokeo yanayoonekana au kusikika. Zumari na tarumbeta zimo humo bila shida. Kupuliza nako ni sahihi, ila kwa sikio langu kupuliza ni kutia pumzi, na kupiga ni kutoa wimbo. (Refa ananiharibia kanuni yangu: kipenga anakipuliza na anakipiga, na wimbo hatoi.)

Wapiga taarabu wana mfano ninaoupenda zaidi. Udi ni ala ya nyuzi, na udi ni kijiti cha kufukizia nguo. Neno ni lile lile la Kiarabu lenye maana ya ubao. Ukisema "anapiga udi" hakuna atakayeleta chetezo, kwa sababu kitenzi kimekwisha kuamua. Mashine nazo zilipokuja zilipokelewa vivyo hivyo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zake zilipofika pwani watu walizipiga kwenye gramafoni. Walioinuka kuzicheza ni wengine.

Hata simu ilianza hivyo. Neno lenyewe ni la Kiajemi, maana yake waya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, na kwa muda mrefu simu ilikuwa ule ujumbe wa maandishi, uliopelekwa na karani kwa kugongagonga kidude cha chuma. Enzi hizo "kupiga simu" kulikuwa kupiga kwelikweli. Leo tunagusa kioo kwa ncha ya kidole, kitenzi kimebaki pale pale. Angalia tu kiambishi: nimempigia mama simu, si "nimempiga mama simu". Ukiliangusha na neno simu, ukabaki na "nimempiga mama", ukoo utakuita kikaoni. Kwenye picha ni kinyume: aliyenipiga picha, sura ni yangu, aliyenipigia picha huenda alikwenda kunipigia kiwanja changu.

Nusu ya hoja ya kijana ni hii. Kucheza pia ni kutikisika, kutotulia mahali pamoja. Jino linacheza, usukani unacheza, jicho la kushoto linacheza tangu asubuhi na bibi anasema kuna habari njiani. Kwa maana hiyo "video inacheza" hainiumizi sana, maana picha zinatembea kweli. Wimbo je? Wimbo hulia, au hupigwa. Redio inapiga muziki, hatusemi inacheza muziki, labda iwe imewekwa juu ya friji inayotetemeka.

Ungeniuliza basi kwa nini kitufe hakikuandikwa "Piga". Hebu fikiri ungekiona. Kwenye simu, "Piga" ni ya kile kitufe cha kijani, na nafasi imeshajaa. Mimi ningeandika "Sikiliza" kwenye wimbo na "Tazama" kwenye video, lakini sikuulizwa.

Kijana akirudi mazoezini, mwambie asikilize wenzake wanamwitaje yule anayeshika gitaa la besi. Sijapata kusikia bendi ya dansi wala kwaya yenye "mcheza besi".