Reli Isiyoonekana Ramanini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuatilia historia ya reli za makaa ya mawe katika milima ya Appalachia, Marekani. Nimepata ramani ya kusini mwa West Virginia iliyochapwa mwaka 1911, lakini reli ya Virginian, iliyokamilika mwaka 1909, haimo. Je, wachoraji walikosea?

JIBU: Huenda hawakukosea, ndugu msomaji. Mwaka 1911 ni mwaka wa kiwanda cha chapa, si mwaka ambao wapimaji walipanda milima. Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS), iliyoundwa mwaka 1879, mara nyingi ilipima eneo mara moja, kisha ikaichapa ramani ile ile tena na tena kadiri nakala zilivyokwisha, pengine bila kugusa hata mstari mmoja. Chunguza pambizo za karatasi yako, hasa pembe za chini, utafute mwaka wa upimaji, mwaka wa toleo na mwaka wa kuchapwa upya. Wa kushika ni ule wa upimaji. Ukiwa wa miaka ya 1890, reli hiyo isingeweza kuwamo.

Jambo la pili ni skeli. Ramani nyingi za mwanzo za milima hiyo zilichorwa kwa skeli ya 1:125,000, na kontua zake, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, ziliachana kwa futi 100 za mwinuko. Kwa kipimo hicho, bonde lenye upana wa mita 200 halifiki hata milimita 2, na humo mchoraji alipaswa kubana kijito, barabara, tawi la reli na nyumba za wachimbaji. Si ajabu baadhi viliachwa. Katika ramani za baadaye za 1:24,000, bonde hilo hilo huzidi milimita 8, mlango wa mgodi una alama yake, na tuta la reli iliyong'olewa huweza kutambulishwa kwa maandishi. Njia za chini ya ardhi, hata hivyo, usizitafute humo, kwani hizo zimo katika ramani za migodi zenyewe.

USGS imeweka nakala za ramani zake za zamani kwenye intaneti bila malipo. Pakua matoleo yote ya eneo lako uyalinganishe, ila uwe mwangalifu na rangi ya zambarau katika matoleo ya miaka ya 1970 na 1980: rangi hiyo iliashiria nyongeza zilizotokana na picha za angani, na kwa kawaida hazikuhakikiwa uwandani.