Jibu: Hita ya kupuliza au jiko la dizeli kwa boti ya mfereji?

Kaka, kwa kuwa unaishi botini hapo Birmingham baridi yote, mimi ningechukua jiko la matone, yaani jiko linalochoma dizeli inayodondoka kidogo kidogo, mfano Refleks. Halili umeme, mafuta yanateremka yenyewe, mradi uweke kitangi kidogo juu yake, maana tangi kuu la boti hizi liko chini kule nyuma.

Hita za kupuliza hewa moto, kama Webasto na Eberspächer, hupasha haraka, sikatai. Ila hita ya aina hiyo ukiiacha moto mdogo kutwa nzima inajaa masizi. Ipandishe hadi mwisho mara kwa mara masizi yaungue. Ikigoma asubuhi, usikimbilie fundi. Pima betri wakati inajaribu kuwaka: plagi ya kuwashia moto ndani ya hita inavuta umeme mwingi, volti zikishuka inajizima. Na king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, ni lazima, hita yoyote ile.