Hapa Ndipo Zakaria Alipompiga

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ukiambiwa ufume skafu kutokana na riwaya unayoipenda kuliko zote, ungechagua rangi zipi, na kwa nini?" Mkatoa na mfano wa skafu ya Gryffindor, nyekundu na dhahabu, ile wanayofuma vijana wa Ulaya na Marekani waliokua na vitabu vya Harry Potter. Nililisoma asubuhi nikaliacha. Mchana nikalirudia nikiwa nimeudhika kidogo, ndiyo maana naandika.

Kwanza mfano wenyewe haufai. Skafu ya Gryffindor imo ndani ya hadithi, ni sare ya bweni, na anayeifuma anafuma sare tu. Mnachouliza nyinyi ni kitu kingine: kuchukua riwaya isiyo na skafu yoyote na kuigeuza uzi. Hapo ndipo napata shida. Riwaya si timu ya mpira iwe na rangi za nyumbani na za ugenini. Nikisema hii ni nyekundu kwa sababu ina damu na ile ni kijani kwa sababu ina mashamba, nitakuwa nimesema nini? Yule mfumaji maarufu wa riwaya za Kiingereza, Madame Defarge wa Dickens, katika kitabu cha mwaka 1859 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, hakuhangaika na rangi. Alikuwa anafuma majina ya watu wa kuuawa kwa alama anazozijua mwenyewe, wateja wake wa mvinyo wamekaa palepale wanaongea.

Kwa hiyo nitajibu swali langu: ni riwaya ipi inafaa kusomewa mtu anayefuma? Hilo nalijua vizuri. (Mimi ni mwanamume na ninafuma. Msiniandikie barua.)

Mama mdogo aliishi Njombe mjini, na kila Desemba alikuwa anafuma masweta ya shule kwa mkono ili yawe tayari shule zikifunguliwa Januari. Wenye mashine za kufumia walimshinda kwa wingi, yeye akawashinda kwa kola. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo na nakala ya Rosa Mistika isiyo na jalada, niliyoiazima bwenini. Kitabu hicho cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1971 kilipigwa marufuku mashuleni. Wakati wetu marufuku ilishapita, ila walimu wengine wakikiona mkononi mwako bado walitaka kujua umekitoa wapi. Mama mdogo alijua kusoma, lakini mikono yake haikuwa na nafasi ya kushika kitabu. Nikawa namsomea mimi.

Sasa, mkono wa sweta unataka hesabu. Unapunguza kitanzi kila upande baada ya mistari kadhaa, na ukisahau ulipofika unafumua. Huwezi kuhesabu huku unamfuatilia Rosa. Kwa hiyo ikifika saa mbili usiku aliliweka sweta la mtu pembeni, akachukua mabaki ya nyuzi za oda, bluu nzito ya shule moja na damu ya mzee ya shule nyingine, akaanzisha skafu: vitanzi 40, mbavu za mbili-mbili ili kingo zisijikunje, kwenda na kurudi. Hiyo ilikuwa kazi ya kumwacha huru kusikiliza.

Nilisoma kando ya chemli. Zakaria, baba yake Rosa, analewa, Regina mkewe anavumilia, mabinti wanakua Ukerewe. Mama mdogo alifuma bila kutazama mikono, akitia neno hapa na pale: "Huyo Regina amekaa mno." Tulipofika pale Zakaria anapojua habari ya barua ya Charles na kumpiga bintiye, sindano zikaanza kusikika. Kabla ya hapo sikuwa nimezisikia kabisa. Tak, tak, tak, uzi umemkaba kidole, midomo ameifumba. Mara baba mdogo akaingia kutoka kilabuni. Desemba ulanzi, pombe ya mianzi, umeshaanza kupatikana, wa Njombe wananielewa. Akaketi kwenye stuli ya mlangoni bila kuvua koti, akasikiliza ukurasa mzima. Halafu akauliza, "Huyo Zakaria ni mtu wa wapi?"

"Ukerewe, baba."

"Ahaa. Huko ziwani." Akaenda kulala ameridhika.

Mama mdogo akaniambia, "Endelea, baba."

Kesho yake mchana akaitandaza skafu juu ya goti. Ilianza na upana wa shibiri nzuri, halafu ikaingia ndani kwa vidole kama viwili, kisha ikaanza kutanuka tena. Vitanzi vilikuwa vilevile 40, hakupunguza hata kimoja; ni mkono tu ulibana uzi. Mfumaji yeyote anaijua hali hiyo, ukifuma una hasira kitambaa kinasema. Nilidhani ataifumua mpaka pale, maana masweta ya watu alikuwa anayafumua kwa kosa dogo kuliko hilo. Akaweka ncha ya sindano palipobana akasema, "Hapa ndipo Zakaria alipompiga." Akaanza mstari mwingine.

Rosa alipofika Morogoro chuoni, taabu ikawa yangu. Kijana wa kidato cha tatu hawezi kumsomea mama yake mdogo mambo yale kwa sauti. Nikawa naruka, tena kwa ustadi, naunganisha sentensi ya juu na ya chini.

"Umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Karatasi imelia mara mbili na hujasoma hata neno. Rudi."

Nikarudi. Nilisoma nimeelekea ukutani, naye akacheka mpaka akaangusha kitanzi, kikateremka mistari kadhaa, akakipandisha kimoja kimoja kwa ncha ya sindano huku mabega yakitikisika. Kwenye ile skafu hapakuonekana kitu. Cheko halibani uzi.

Karibu na mwisho akanusa. "Huyu mtoto anakufa," akasema. Nikanyamaza. "Kama anakufa, usinisomee leo. Nina masweta ya watu ya Jumatatu." Rosa akaishi mpaka Jumanne.

Jumanne nikamsomea. Kipande cha mwisho kilitoka kimelegea, ungeweza kupitisha kidole kati ya kitanzi na kitanzi. Akafunga uzi, akaificha ncha, na wiki hiyohiyo akaiuza stendi kwa abiria wa basi la Songea aliyeshuka anatetemeka. Nilinuna. "Kitabu si unacho?" akaniuliza, na hela ikaenda kwenye sukari.

Nimefika hapa nikiwa na nia ya kuhitimisha kwamba rangi hazina kazi, kazi iko kwenye mkono na sikio. Bado naamini hivyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini kuna jambo linanisumbua. Zile rangi zilichaguliwa na wakuu wa shule mbili ambao hawakuwa wanamfikiria Kezilahabi hata kidogo, na hata hivyo mimi leo nikiiwaza Ukerewe, kisiwa ambacho sijafika, alikozaliwa mwandishi mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, naiona kwa bluu ya sweta la shule. Zakaria naye namwona wa damu ya mzee, kuanzia koti mpaka macho. Nimejaribu kumwona wa rangi nyingine, nimeshindwa. Huenda ndivyo riwaya inavyopata rangi, kwa kilichokuwa mkononi wakati unaisikia.

Basi andikeni jibu langu hivi: Rosa Mistika, bluu nzito na damu ya mzee. Kwa masharti.

Uzi msinunue dukani, mwingi unang'aa mno na haupashi joto. Nendeni mtumbani mtafute sweta la sufu, mligeuze ndani nje kwanza mtazame mshono wa ubavuni. Kama ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki, rudisheni. Mkilifumua mtapata vipande vya urefu wa mkono, havifai hata kufungia kuku. Mnalotaka ni lile ambalo kila kipande kimefumwa kwa umbo lake, kikaunganishwa kwa uzi. Huo wa kuunganishia mnauchomoa, halafu mnaanza kufumua kutoka juu, shingoni. Uzi utatoka umejikunja-kunja. Uzungusheni kwenye mgongo wa kiti, mfunge sehemu nne usivurugike, uloweke, kisha uanikwe ukining'inia na kitu kizito kidogo chini yake.

Msijaribu kumweka Zakaria kwa makusudi. Uzi ukibanwa kwa kukusudia, kitambaa kinatoka kimekosewa tu. Mtafute mtu wa kuwasomea, na aangaliwe asiruke. Wala sisemi kila riwaya inafaa: mwaka uliofuata nilimletea mama mdogo visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla, sindano zikasimama kabisa, akawa anamtafuta muuaji, masweta yakachelewa na wazazi wakaja juu. Za upelelezi someni mikono ikiwa mitupu.

Na wasomaji wa Tanga, Lindi na Unguja, ambao skafu kwao ni adhabu, wafume vitambaa vya kochi kwa rangi hizohizo. Damu ya mzee haionyeshi chai ikimwagika.