Jibu: Kwa nini kinyama cha mama kipimwe tena?

Dada wa Ujiji, pole kwa kuuguza. Unauliza kwa nini Mwanza wanataka kipimo kingine cha kinyama cha titi ilhali saratani imeshathibitika, na kama si kuchezea hela yenu. Hapana. Kipimo cha kwanza kilisema ni saratani. Hiki kinasema ni ya aina gani, na itasikia dawa ipi.

Wanatafuta vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazonasa homoni: ER hunasa estrojeni, PR hunasa projesteroni. Wanatafuta pia HER2, protini inayochochea seli za saratani kukua. ER ikiwepo, kidonge cha tamoksifeni, kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi, kina nafasi nzuri ya kuzuia ugonjwa usirudi. Isipokuwepo, mtameza bure. HER2 ikizidi, kama inavyokuwa kwa wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100, ipo trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2 yenyewe. Bei yake, tusidanganyane, inauma. Ulizeni bima mapema.

Mara nyingi mama hakatwi tena. Kinyama cha awali huhifadhiwa maabara ndani ya kipande cha nta. Kiombeni hapo Kigoma pamoja na karatasi ya majibu, msafiri navyo. Msikiache juani kwenye basi, nta huyeyuka.